Waraka wa Noeli wa Monsinyori Kataliko na Hesabu ya Mnara

Mwaka 2024, katika mafundisho ya jioni, mama mmoja auzaye sambaza sokoni Kadutu aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, ubatizo ni bei gani?" Wenzake walicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilo huulizwa kila mwaka, nami nina jibu lake tayari. Nilimtajia kitambaa cheupe, mshumaa, picha, na chakula kidogo cha kumkaribisha mama wa ubatizo. Nikaongeza kwamba Kanisa haliuzi sakramenti, na asiye na kitu asiogope. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Hayo, Mwalimu, nimekwisha kuyahesabu. Mimi nauliza ile bei nyingine."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalitazama neno hilo juma lijalo, nikafunga mafundisho kwa sala. Njiani kurudi nyumbani niliona haya. Ni miaka mingi sasa nafundisha Amri, Sakramenti na Sala; nimewaandaa watu wengi kwa Pasaka. Lakini mfanyabiashara wa sokoni alitaka kujua bei kabla ya kununua, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili, nami niliyesomea seminarini sikujua nimwambie nini.

Usiku ule nilichukua maandishi mawili, nikayasoma pamoja. La kwanza ni sura ya 14 ya Injili ya Luka, pale Bwana wetu anaposema habari za mtu ajengaye mnara. La pili ni waraka wa Noeli ambao Monsinyori Emmanuel Kataliko, Askofu Mkuu wetu, aliwaandikia waamini wa Bukavu tarehe 24 Desemba 1999. Nimeyasoma tena mara nyingi tangu siku hiyo. Nataka kuwaeleza niliyoyaona katika waraka huo, mema yake na lile moja ambalo nadhani limepungua, kwa maana mapungufu hayo yanatugusa sisi sote.

Tuanze na Injili. Luka asimulia kwamba makundi makubwa ya watu walifuatana na Yezu njiani. Mhubiri wa siku hizi angalifurahi kuona wingi huo, angaliwahesabu na kupeleka habari kwa paroko. Yezu aligeuka, akawaambia maneno ya kuwapunguza: kwamba asiyekuwa tayari kumweka nyuma baba na mama, mke na watoto, hata roho yake mwenyewe, hawezi kuwa mfuasi wake, wala asiyechukua msalaba. Kisha akatoa mifano miwili. Mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, wapita njia wakamcheka. Na mfalme mwenye askari elfu kumi, akisikia mwenzake anamjia na elfu ishirini, huketi kwanza akafanya shauri. Akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta amani.

Mara nyingi nimesikia mfano wa mnara ukihubiriwa siku ya makusanyo ya ujenzi, au wakati wa kuandaa arusi. Mhubiri husema kwamba mkristu mwenye busara hupanga matumizi yake, akakumbusha methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni fundisho jema, na wengi wetu tunalihitaji. Lakini tazameni jinsi Yezu anavyomalizia. Kama angalikuwa anafundisha utunzaji wa fedha, mwisho ungalikuwa: basi, kusanyeni zaidi kabla ya kuanza. Yeye asema kwamba mtu asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake. Mwenye kujenga mnara huhesabu ili ajue kama fedha zake zinatosha. Mfuasi huhesabu ili ajue kwamba kila alicho nacho kimo katika hesabu, na hakuna akiba iliyofichwa nje ya daftari. Hilo ndilo jambo gumu katika mfano huu, na ndilo ambalo mahubiri yetu hulipita mbio.

Sasa tuje kwenye waraka. Wasomaji vijana humjua Monsinyori Kataliko kwa picha yake tu, basi niwaeleze kidogo. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Butembo, na tangu 1966 aliongoza jimbo la huko kwao. Mwaka 1997 Baba Mtakatifu alimtuma Bukavu. Kiti alichokuja kukalia kilikuwa kimeachwa wazi na Monsinyori Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, aliyeuawa hapa mjini, pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, kwa sababu hakunyamaza mbele ya vita na hakuwatupa wakimbizi. Kwa hiyo mtu aliyekuja baada yake hakuweza kusema kwamba hakuambiwa bei.

Mwaka 1998 vita vya pili vilianza. Mji wetu ukawa chini ya utawala wa RCD, wenye kutegemea majeshi ya Rwanda. Mwezi wa Agosti mwaka huo, katika parokia ya Kasika, upande wa Mwenga, waliuawa Padri Stanislas Wabulakombe, masista, Mwami wa mahali pale, na waamini wengi sana. Ndiyo hali ambayo Askofu Mkuu aliketi kuandika neno la Noeli.

Angeweza kuandika salamu za hori na malaika, na hakuna mtu angemlaumu. Aliandika habari za watu wake. Alisema kwamba mataifa ya kigeni, yakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, yanafanya vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe, na kwamba utajiri ambao ungepaswa kusomesha watoto na kuponya wagonjwa unatumiwa kutuua. Alitaja unyang'anyi wa kile kidogo ambacho watu wamejiwekea kwa ajili ya kesho. Alitaja parokia na nyumba za watawa zilizoporwa, na mapadri waliopigwa na kuuawa. Alisema pia neno chungu sana juu ya kuoza kwa tabia: kwamba wamepatikana kati ya wananchi wenzetu watu wasiosita kumtoa ndugu yao kwa noti ya dola kumi au ishirini. Kisha akaahidi, kwa jina lake na la Kanisa lake, kusimama upande wa walioonewa, na ikihitajika hata kumwaga damu, kama walivyofanya Monsinyori Munzihirwa na wale wa Kasika na wengine aliowataja. Na mwishoni akakataa njia ya silaha. Alisema kwamba Injili yatutuma kupigania uhuru kwa gharama ya mateso yetu na sala zetu, na kwamba kwa njia hiyo hata wanaotuonea watafikishwa kwenye akili njema na uhuru wa moyo.

Wakubwa wa wakati ule hawakuusamehe waraka huo. Mwezi wa Februari 2000 Askofu Mkuu alizuiwa kurudi katika jimbo lake, akapelekwa kukaa Butembo. Alikaa huko miezi saba. Alirudi Bukavu tarehe 14 Septemba 2000, siku ya sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nilisimama na mama yangu kando ya barabara katika umati wa watu, sikuona kitu ila migongo ya watu wazima, lakini nilisikia nyimbo. Baada ya majuma matatu tu, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki dunia Roma kwa ugonjwa wa moyo.

Basi, waraka huu una wema gani kama maandishi? Wema wa kwanza ni kwamba unahesabu. Hausemi kwa ujumla kwamba dunia ni mbaya na tuvumilie. Unaorodhesha: hiki kimechukuliwa, hawa wameuawa, hiki kinatumiwa vibaya. Kisha, baada ya kuonyesha ni kiasi gani watu wamekwisha kulipa bila kupenda, unawauliza kama wako tayari kulipa tena kwa kupenda. Mateso ambayo mtu ameletewa na mwizi si msalaba bado, ni hasara. Yanakuwa msalaba pale ambapo mtu, akiwa na nafasi ya kujiokoa kwa kumwacha mwenzake, anakataa kumwacha. Waraka watufundisha tofauti hiyo, nami sijaona mahali pengi ambapo imefundishwa kwa maneno machache namna hiyo.

Wema wa pili uko katika ule mwisho, pale anapokataa silaha. Huo ndio mfano wa mfalme mwenye elfu kumi. Wako waliosema kwamba Askofu alikataa silaha kwa sababu hakuwa nazo. Lakini someni vizuri. Mfalme wa Injili hutafuta amani kwa sababu amehesabu askari akaona ni wachache. Askofu anakwenda mbali zaidi: anaingiza katika hesabu hata adui mwenyewe. Anataka yule anayetuonea naye apate uhuru wa moyo. Katika daftari lote la ufuasi hakuna mstari wenye bei kubwa kuliko huo. Tangu mwezi wa Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa M23, vijana wa mafundisho huniuliza juu ya silaha kuliko juu ya jambo lingine lolote. Kanisa halikukana haki ya watu kujilinda, nami huwaambia hivyo waziwazi. Lakini huwasomea pia maneno ya Askofu wao, kwa maana yeye hakuyasema akiwa mbali wala akiwa salama, na kijana anayetaka kuchagua lazima ajue kwamba njia hiyo nayo ilikuwako, tena aliishika mtu mwenye akili timamu.

Sasa niseme lile lililopungua. Nalisema kwa heshima, kama mtoto anavyoweza kumwambia baba yake kwamba amesahau kofia yake. Nimesoma waraka kwa Kifaransa chake, nikaangalia neno moja dogo: nani ni "sisi", na nani ni "wao". Anapoahidi kuwa tayari hata kwa damu, Askofu asema "sisi". Anapotaja noti ya dola kumi au ishirini, asema juu ya baadhi ya wananchi wenzetu, ndio "wao". Basi msomaji wa waraka anajikuta upande wa damu, pamoja na mashahidi, na dola kumi zinabaki upande wa watu wengine ambao hawapo kanisani siku hiyo.

Naelewa kwa nini alifanya hivyo. Alikuwa akiwaandikia watu waliopigwa, na mchungaji mwema hamchapi kondoo aliyejeruhiwa. Lakini matokeo yake tumeyaona kwa miaka ishirini na zaidi. Tumeushika mstari wa damu, tukauacha mstari wa noti. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, tunawakumbuka maaskofu wetu wawili. Tunaimba, tunashona vitenge, tunasikiliza hotuba. Ndivyo inavyofaa. Lakini mkristu wa kawaida husikia habari za damu akajisemea moyoni: hayo ni ya maaskofu na mapadri, mimi nani atajisumbua kuniua? Akatoka kanisani na moyo wake mtulivu. Kesho yake ofisini, sokoni, shuleni au barabarani, inakuja noti ya dola kumi, naye hamkumbuki Monsinyori Kataliko hata kidogo, kwa sababu hakuambiwa kwamba ule ndio ukurasa wake.

Nami nasema kwamba ule mstari wa noti ndio mstari mkubwa wa waraka wote. Katika Injili yuko mtu mmoja aliyejua kuhesabu vizuri, akauliza bei, akapewa vipande thelathini vya fedha. Yuda hakuanza siku ya Alhamisi. Yohane atuambia kwamba alikuwa mshika mfuko, akiiba vilivyotiwa humo. Haba na haba hujaza kibaba. Na Petro, aliyeahidi damu mbele ya wenzake wote, alishindwa usiku uleule mbele ya kijakazi mmoja aliyeuliza swali dogo tu. Mtu asiyehesabu gharama ndogo hatakuwa na fedha siku ya gharama kubwa.

Kama mtu anadhani natukuza mambo madogo kupita kiasi, namwomba atazame upande wa pili wa ziwa letu, Goma. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei, mwenye kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Aliletewa fedha apitishe mchele ulioharibika. Alikataa. Wanaomjua wamesimulia kwamba alikwenda kuuliza kwanza kama chakula kile kitawadhuru watu, na kwamba alifikiri hivi: fedha hizi zitakwisha upesi, lakini wale watakaokula? Hiyo ndiyo hesabu ya mnara, imefanywa na karani mezani pake. Waliomtaka apokee walimteka na kumwua mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri na shahidi. Tazameni: damu yake na noti aliyoikataa zimo katika ukurasa mmoja. Hakuna aliyemwambia amkane Kristu. Aliambiwa tu apige muhuri. Naona kwamba maisha ya kijana huyu yamemalizia sentensi ambayo Askofu wetu aliiacha kwa "wao". Ameigeuza kuwa "mimi".

Mtu mmoja, mwenzangu katika kazi hii, alinipinga. Alisema: "Mwalimu, ukiwaambia wakatekumeni bei zote hizi, watakimbia. Tena neema ni ya bure. Wewe unaweka bei wapi?" Pingamizi hilo ni la kweli nusu. Neema ni ya bure, hatuwezi kuinunua, na ole wake anayejaribu. Lakini kitu cha bure hakikosi thamani. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, Mluteri wa Ujerumani, alitoa mwaka 1937 kitabu juu ya kumfuata Kristu, akatenga neema ya bei rahisi na neema ya thamani kubwa. Naye alinyongwa na serikali ya Hitler tarehe 9 Aprili 1945. Mtoto hupewa uhai bure na mama yake, lakini hakuna asemaye kwamba uhai huo haukumgharimu mama, wala kwamba mtoto hadaiwi kitu.

Kuhusu kukimbia, tukumbuke waliotuletea Injili. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya kujaribiwa na kufundishwa. Wamisionari walipofika Bushi mwaka 1906 walikuja na desturi hiyo. Wengine wetu tumeiona kuwa ni ukali wa watu wa kale. Mimi sasa naiona ni kiti. Injili yasema mwenye kujenga huketi kwanza; basi ile miaka ilikuwa kiti alichopewa mtu ili aketi ahesabu, aone kama ataweza kuacha hiki na kile, arudi nyumbani akawaulize watu wake, na aanguke mara moja au mbili kabla ya kuahidi. Siku hizi twafundisha kwa haraka, kwa sababu arusi imekaribia, au masomo yadai cheti. Twamwekea mtu msingi kabla hajaketi.

Nisingethubutu kuandika hayo kama singekuwa na deni mimi mwenyewe. Nitalisema, kwa maana waraka umenifundisha kwamba "wao" ni neno la kujifichia. Miaka michache iliyopita baba mmoja alitaka binti yake abatizwe Pasaka, apate kufunga ndoa baada yake. Binti alikuwa na mwaka mmoja tu wa mafundisho. Baba alinitembelea nyumbani, tukaongea vizuri, naye alipoondoka nikakuta noti ya dola kumi katikati ya daftari langu. Kesho yake niliandika kwenye kadi ya binti yule tarehe nyingine, ya mwaka uliotangulia. Nilijiambia kwamba simdhuru mtu. Watoto wangu walikula kwa noti ile siku tatu.

Ilikuwa kabla sijausoma waraka kwa makini. Lakini kitu kilinisumbua, nami juma la pili nilimwendea padri wangu, nikamweleza. Tuliisahihisha kadi. Nilikopa dola kumi, nikazirudisha. Tangu siku ile yule baba hanisalimii, na ndugu zake katika shirika letu walisema kwamba mimi ni mtu wa kujionyesha. Binti hakurudi tena katika mafundisho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa maana gharama ya kosa langu hakuilipa mwenye kosa peke yake. Mimi niliyepaswa kumpa kiti cha kuhesabia, nilimwuzia kiti hicho kwa dola kumi.

Tena niseme hili. Mimi ni mmoja wa wale walioanza kujenga mnara na wapita njia wakawacheka. Niliacha seminari kuu baada ya filosofia, na nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa dogo. Mama alilia, majirani wakauliza nimefukuzwa kwa kosa gani. Kwa muda mrefu nilidhani mfano wa Luka ulinisema mimi. Sasa naamini kwamba aliyeketi akahesabu kwa kweli, akaona kwamba mnara ule si wake, akaujenga mwingine uliompasa, hakuwa mpumbavu wa mfano. Mpumbavu ni yule asiyeketi kabisa.

Turudi kwa mama wa sambaza. Juma lililofuata alikuja, nami nikakiri mbele ya wote kwamba sikujua bei yake, nikamwomba anisaidie kuitafuta. Nikawasomea mfano wa mnara, kisha ule mstari wa dola kumi. Walikaa kimya. Ndipo yeye akasema habari za kopo lake la kupimia. Wengi sokoni hupiga kitako cha kopo kiingie ndani, ili lionekane limejaa kumbe halijajaa. Kopo lake nalo limepigwa. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu, kwa franka, ya kile atakachopoteza kila siku akilinyosha kopo, na kile atakachopoteza tena wenzake wakimchukia kwa kuwaumbua. Alitutajia jumla yake. Ilikuwa karibu ada ya shule ya mtoto wake mmoja.

"Hiyo ndiyo bei niliyokuwa nauliza," akasema.

Ndugu zangu makatekista, katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona mtu aliyeelewa sura ile ya Luka kuliko mama huyu. Sikumwambia kwamba Mungu atamrudishia franka zake maradufu, kwa kuwa Injili haikuniruhusu kumwahidi hivyo. Nilimwambia kwamba Bwana wetu alihesabu gharama yetu pale Getsemani, akatoka jasho, na hata hivyo akasimama akaenda. Nilimwambia pia kwamba sisi tulioketi pale, kama tunataka awe mwenzetu, tunadaiwa sehemu ya ada ya mtoto wake. Hapo ndipo baadhi yetu tulipoanza kutazama chini.

Hajabatizwa bado. Yuko katika mwaka wake wa pili, na vita vimeifanya biashara yake kuwa ngumu zaidi. Kopo amelinyosha, mimi mwenyewe nilinunua kwake nikaona. Mchango wetu wa ada tuliutoa muhula mmoja, muhula uliofuata tulichelewa, na sasa twaanza tena.

Nawaomba wenye waraka wa Monsinyori Kataliko nyumbani wausome upya Noeli hii. Wakifika kwenye mstari wa noti, wabadilishe neno moja kwa kalamu. Mahali palipoandikwa juu ya wananchi wengine, kila mtu aweke jina lake, halafu aketi ahesabu.